Mpiga Tromboni na Wanafunzi Wake
(Hotuba ya katekista, iliyosomwa mbele ya waamini na wageni siku ya Jubilei ya parokia)



Baba Paroko aliniagiza niseme neno juu ya muziki katika maisha ya Kanisa, akanipa robo saa. Wapadri wanawajua makatekista: mtu akipewa robo saa, huchukua nusu. Lakini muziki ni jambo pana kama mto wetu wakati maji yamejaa, na anayetaka kuuvuka wote kwa mtumbwi mdogo atazama katikati. Kwa hiyo nimechagua chombo kimoja na mtu mmoja. Chombo ni tromboni, ile tarumbeta ndefu yenye bomba la kuteleza mbele na nyuma. Mtu ni Emory Remington wa mji wa Rochester, huko Marekani, aliyekuwa mpigaji katika orkestra na mwalimu kwa karibu nusu karne.

Mtauliza: sisi wa Kapalata tuna shauri gani na Mmarekani wa Rochester? Sababu nitaifunua mapema, nisiwafiche. Katika chumba nyuma ya sakristia zimelala tromboni mbili, bariton moja na klero tatu, mabaki ya fanfari ya parokia. Tromboni moja bomba lake limepindika. Wanunuzi wa shaba wamekwisha kuja kuuliza bei kwa kilo, na Baraza la Parokia linapaswa kuamua kabla ya Majilio: vyombo viuzwe, na fedha ziongezwe kwenye mchango wa kununua orga ya umeme, ama vitengenezwe. Nataka kila mmoja anayetoa shauri ajue kwanza kitu anachokiuza.

Tromboni ni bomba la shaba ya manjano. Likinyoshwa lote hufikia karibu metre 2.70, yaani linampita mtu mrefu aliyesimama, na limekunjwa ili libebeke. Tarumbeta na bariton zina pistoni za kubonyeza kwa vidole; tromboni ya kawaida haina. Ina bomba linaloteleza juu ya bomba jingine, nalo lina vituo 7. Kwenye kituo cha kwanza mkono uko karibu na uso. Kila kituo kinachofuata kinashusha sauti nusu toni, mpaka kituo cha 7, ambako mkono wa mtoto haufiki. Na juu ya bomba hilo hakuna alama yoyote iliyochorwa. Anayepiga piano anabonyeza na kupata sauti iliyokwisha kutayarishwa na fundi. Anayepiga tromboni inambidi aisikie noti moyoni kabla ya kuitoa. Asipoisikia, mkono wake utasimama kando ya kituo, na kanisa zima litajua. Tena katika kituo kimoja midomo peke yake, kwa kukazwa na kulegezwa, inatoa noti nyingi za kupandana. Ndiyo maana wazee husema chombo hiki ni ndugu wa koo la mtu. Hakuna chombo kingine cha shaba katika orkestra kinachoweza kupita kutoka noti hata noti kama vile sauti ya mwimbaji inavyopita, bila ngazi.

Wengine wanasema kwamba vyombo hivi ni vya askari, vimetoka kambini, na kanisani ni wageni. Kwetu kweli vilikuja kwa njia mbili, ya misioni na ya jeshi la Force Publique. Na pwani ya mashariki, tangu mwisho wa karne ya 19, watu waliiga bendi za askari wakaunda ngoma ya beni, ambayo vita vya 1914–1918 viliisambaza sana barani. Lakini tromboni yenyewe ilipiga magoti kanisani zamani sana. Giovanni Gabrieli, mpiga orga wa kanisa la Mtakatifu Marko huko Venice, aliwaandikia wapiga tromboni wake muziki wa ibada uliotolewa kwa chapa mwaka 1597. Katika Misa ya Wafu ya Mozart, ya mwaka 1791, tromboni moja ndiyo inayowaita wafu mbele ya hukumu. Na mwaka 1812, mkuu wa muziki wa kanisa kuu la Linz, huko Austria, alimwomba Beethoven vipande vifupi vya tromboni nne kwa Sikukuu ya Marehemu Wote. Vipande hivyo vilisikika tena mwaka 1827, kwenye maziko ya Beethoven mwenyewe.

Waheshimiwa Mapadri watanikumbusha kwamba Papa Pio X, katika barua yake ya Novemba 1903 juu ya muziki mtakatifu, alikataza fanfari kupiga ndani ya kanisa. Ni kweli. Lakini barua ile ile iliacha mlango: Askofu aweza kuruhusu vyombo vichache vya kupuliza, vikichaguliwa vema na kupigwa kwa heshima; na katika maandamano nje ya kanisa fanfari yaweza kuruhusiwa. Halafu Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1963, ulisema vyombo vingine vyafaa kuingizwa katika ibada kwa ruhusa ya wakubwa wa Kanisa la mahali, ikiwa vinastahili heshima ya hekalu na kuwajenga waamini. Mimi si mwanasheria wa Kanisa. Nasema tu kwamba swali haliko juu ya shaba. Liko juu ya namna shaba inavyopulizwa.

Sasa nije kwa Remington.

Kabla ya kushika tromboni alikuwa mwimbaji. Alipokuwa mtoto aliimba katika korali ya kanisa la Waanglikana la mjini kwake, na naamini (hapa ninasema mawazo yangu) kwamba yote aliyofanya baadaye yalitoka katika benchi lile la watoto waimbaji. Katika mji huo bwana George Eastman, tajiri wa kampuni ya Kodak, alijenga chuo cha muziki kilichofunguliwa mwaka 1921. Remington aliingia humo kama mwalimu wa tromboni mwaka 1922, akafundisha mpaka alipokufa, Desemba 1971. Hiyo ni miaka 49 katika chuo kimoja. Na kwa miaka mingi, mpaka 1949, alikuwa pia mpigaji katika orkestra ya Rochester.

Nieleze neno orkestra, kwa maana kwetu Kongo ukilitaja watu wanafikiri gitaa, bia na OK Jazz. Ninasema orkestra ya watu 60, 80, hata 100, wenye violini, filimbi, tarumbeta na ngoma, wanaosoma noti chini ya kiongozi mmoja. Ndani yake mpiga tromboni ana kazi ya ajabu: sehemu kubwa ya maisha yake ni kunyamaza. Beethoven, katika simfonia yake ya tano iliyosikika mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, aliziweka tromboni tatu kimya kwa sehemu tatu nzima za muziki. Zinaingia katika sehemu ya nne, pale giza linapogeuka mwanga. Mpigaji amekaa karibu nusu saa akihesabu, midomo imepoa, chombo kimepoa, halafu anaombwa kuingia kwa nguvu, juu, bila kukosa, pamoja na wenzake wawili. Anayedhani kazi ya muziki ni kusikika daima hawezi kudumu katika kiti hicho. Nafikiri wanakorali wetu kadha wa kadha wangefaidika kukaa hapo kwa mwezi mmoja.

Lakini jina la Remington halikukuzwa na kiti cha orkestra. Lilikuzwa na chumba cha mafundisho. Wanafunzi wake walimwita “Chifu”. Kila siku aliwaanzisha kwa zoezi jepesi ambalo hata mtoto wa hapa angeweza kulianza leo jioni: shika noti ndefu katika kituo cha kwanza, shuka nusu toni mpaka kituo cha pili, rudi. Toka tena kituo cha kwanza, shuka mpaka cha tatu, rudi. Na hivyo hivyo, polepole, mpaka kituo cha 7. Hakuna mbio, hakuna kelele. Pumzi inatembea bila kukatika, mkono unajifunza njia, sikio linapima. Mwanafunzi alipopiga, mwalimu aliimba pamoja naye. Wakati ule wengi waliipenda tromboni kwa ukali na ngurumo yake. Yeye alitaka iimbe. Alikusanya pia wanafunzi wake wote katika korali ya tromboni tupu, tenori na bassi, wakapiga nyimbo za kanisa za sauti nne kama korali inavyoimba, ili kila mmoja ajifunze kumsikiliza jirani yake.

Katika njia hiyo hakuwa peke yake. Mfaransa Joannès Rochut, aliyekuwa mpiga tromboni wa kwanza katika orkestra ya Boston toka 1925 hadi 1930, aliona kwamba wanafunzi wa tromboni wana mazoezi mengi ya vidole na midomo, lakini hawana nyimbo. Akachukua mazoezi ya sauti ya Marco Bordogni, Mwitalia aliyefundisha kuimba huko Paris karne ya 19, akayapanga kwa tromboni, mazoezi 120 katika vitabu vitatu. Vilitoka mwaka 1928, na hata leo mwanafunzi wa tromboni, kama yuko Tokyo au Paris, hupitia humo. Tazameni: mwalimu wa waimbaji aliyekufa zamani anaendelea kufundisha watu wa shaba, kwa sababu mtu mmoja alipata kazi ya kunakili na kupanga.

Kazi hiyo ya kupanga tunaidharau sana. Mtunzi anatunga wimbo. Anayejua wimbo huo atasikika vipi kwa vyombo tulivyo navyo ni mpangaji. Fikirini wimbo wa korali yetu wa sauti nne. Tarumbeta ya si bemoli ikisoma noti ya do, inayosikika ni si bemoli. Basi mpangaji lazima aiandikie toni moja juu zaidi, la sivyo itapigana na waimbaji tangu kipimo cha kwanza. Tromboni inasoma katika ufunguo wa fa, noti inasikika kama ilivyoandikwa. Mpigaji wa tatu ni dhaifu, bado anajifunza: mwandikie noti tatu tu, lakini noti ambazo zikikosekana wimbo unaanguka, ili naye ajue kwamba ana kazi. Mwingine hafikii noti za juu baada ya Gloria ndefu: mpumzishe wakati wa Zaburi. Vitabu vinavyotoka Ulaya haviwezi kujua hayo. Anayejua ni mtu anayekaa na wapigaji, anayewaona Jumanne na Alhamisi.

Mpangaji wa namna hiyo alitoka mkononi mwa Remington mwenyewe, naye ni Donald Hunsberger. Alisoma tromboni kwa Chifu, akapiga na kupanga muziki katika bendi ya wanamaji wa Marekani mjini Washington, halafu akarudi chuoni kufundisha, akaiongoza bendi kubwa ya vyombo vya kupuliza ya chuo kile toka 1965 hadi 2002. Alichukua muziki wa orkestra nzima, kama Uvertura ya Sikukuu ya Mrusi Shostakovich, akaupanga kwa vyombo vya kupuliza peke yake, na bendi za shule zikaweza kuupiga. Hunsberger alifariki mwaka 2023. Lakini jambo ninalotaka mlishike ni hili: mazoezi ya Chifu, yale ya kila siku, yalitoka katika kitabu mwaka 1980, miaka tisa baada ya kifo chake, na aliyeyakusanya ni mwanafunzi huyo. Kama mwanafunzi asingeandika, tungekuwa na sifa za mzee na kaburi lake.

Je, katika nchi yetu hakuna watu wa namna hii? Wako, ingawa si wote walishika tromboni. Huko Katanga, Joseph Kiwele alifundisha muziki na kutunga Missa Katanga. Mwaka 1960 akawa waziri wa elimu katika serikali ya Katanga, akafa mwaka 1961. Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, aliunda mwaka 1954 korali ya watoto na walimu wa shule. Pamoja nao ikazaliwa Missa Luba, iliyosikika mara ya kwanza katika misioni ya Kamina mwaka 1958, na mwaka huo huo wakaenda kuimba Ulaya. Kinshasa, ndugu zetu Wakimbangu wana fanfari zinazojulikana tangu zamani, na mwaka 1994 Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha orkestra ya simfonia na watu ambao wengi hawajapata kushika violini. Walipokezana vyombo vichache, mmoja akipumzika mwingine anajifunza. Uzi wa violini ulipokatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli. Leo wanapiga simfonia ya tisa ya Beethoven. Sioni haya, mimi Mkatoliki, kusema kwamba katika jambo hili wametutangulia.

Na karibu nasi zaidi, hapa chini ya mto, Yakusu, alikaa John Carrington, mmisionari Mbaptisti kutoka Uingereza, aliyejifunza kusema kwa ngoma za Walokele. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu yake. Alieleza kwamba lugha ya Kilokele ina toni za juu na za chini, na ngoma inasema kwa toni hizo. Sentensi moja, ikipandishwa hapa na kushushwa pale, yasema mtu alitazama ukingo wa mto. Ikibadilishwa toni yake, yasema alimchemsha mama mkwe wake. (Mnacheka, lakini mpangaji asiyejua Kilokele aweza kumchemsha mama mkwe katikati ya Ofertorio.) Kwa Kiswahili hatuna shida hiyo; kwa lugha nyingi za wazee wetu iko, na wimbo lazima uifuate. Hapo tromboni, yenye kuteleza kama sauti ya mtu, ingeweza kutumika kuliko kinanda chenye sauti zilizofungwa. Carrington alisikitika kwamba tayari katika siku zake vijana wa vijiji walikuwa wanaacha kujifunza ngoma. Yeye alikufa mwaka 1992. Ninyi mlio Walokele, mnajua vema kuliko mimi ni vijana wangapi leo wanaoweza kumwita mtu kwa jina lake la ngoma.

Narudi sasa kwenye chumba chetu cha nyuma.

Simpingi mtu wa orga ya umeme. Ina faida: mtu mmoja anatoa sauti nyingi, korali inapata noti ya kuanzia, na kijana mwenye bidii hujifunza upesi. Lakini ni chombo cha mtu mmoja, tena cha umeme, nanyi mnajua ni Jumapili ngapi tumeimba Sanctus bila taa. Vyombo vya shaba vinahitaji watu sita au saba, yaani vijana sita au saba wenye sababu ya kuja parokiani katikati ya juma. Bei ya shaba kwa kilo haitoshi hata kununua robo ya orga hiyo. Tuliipiga hesabu na mweka hazina. Tukiuza, tutakuwa tumeuza kila kitu na kupata spika moja.

Mtanijibu kwamba vyombo bila mwalimu ni shaba tu. Mnasema kweli, na hapo ndipo shauri lilipo. Katika parokia hii yuko mzee mmoja, amepita miaka 70, aliyepiga tromboni katika fanfari ya jeshi. Vituo 7 anavijua kwa mkono wake; noti anazisoma; nyimbo za maandamano ya Ekaristi zilizopigwa na fanfari yetu ya zamani zimo kichwani mwake tu, hazikuandikwa popote. Meno yamekuwa machache, na bila meno ya mbele midomo haina pa kujishikiza, kwa hiyo yeye hapigi tena. Lakini Remington alifundisha kwa kuimba. Babu huyu anaimba vizuri kabisa, nimemsikia.

Nimekwenda kumwona mara mbili pamoja na rais wa korali. Mara ya kwanza alituuliza kama tunamtania. Mara ya pili alitoa sharti tatu: wanafunzi wasizidi wanane, kila mmoja awe na daftari yake ya noti na aandike kila wimbo anaopewa, na asije mzazi kudai mtoto wake apewe tarumbeta kwa sababu tromboni ni nzito. Tumekubali zote. Fundi wa kulehemu wa sokoni ameliangalia lile bomba lililopindika, akasema analiweza kulinyosha polepole kwa mti laini ndani yake, bila moto, kwa maana moto ungeliharibu. Bei aliyotaja iko ndani ya uwezo wa jumuiya zetu hai za msingi, kama kila jumuiya itatoa kadiri ya sadaka ya Jumapili mbili. Tromboni ya pili haina kasoro, inataka tu kuoshwa na kutiwa mafuta.

Mafundisho yataanza Jumanne baada ya Jubilei, saa kumi jioni, katika darasa la katekesimu, na tena Alhamisi saa ile ile. Majina ya wanafunzi yanapokelewa kwangu, wavulana na wasichana, wenye miaka 12 na kuendelea. Mpaka asubuhi ya leo nimeandika majina matano. Baraza la Parokia linakutana Jumamosi. Ninaomba wajumbe wapite kwanza katika chumba cha nyuma, wavishike vyombo kwa mikono yao, ndipo wakae mezani.